Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Kabla ya kumgusa mtoto, muuguzi hodari humwacha atulie. Mama amefika kituoni kwa pikipiki, kitenge chake kimeshika vumbi la barabara ya malori ya madini, na mtoto mgongoni amekohoa njia nzima. Muuguzi hamkimbilii. "Kaa kwanza, Mama. Mutoto atulie." Mama anaketi, anamfungua mtoto, anamnyonyesha kidogo. Kilio kikiisha na chuchu ikitoka mdomoni, muuguzi anapandisha shati la mtoto mpaka kwapani, anashika saa, na kuanza kutazama tumbo. Linapanda, linashuka: moja. Linapanda, linashuka: mbili. Kwa dakika nzima hasemi neno wala hatazami kitu kingine.

Asiyejua kinachofanyika atadhani muda unapotea, maana foleni nje ni ndefu. Lakini dakika ile ndiyo kiini cha kazi yote ya kutibu kifua katika vituo vya afya vya Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, na mimi sijaona ustadi mwingine wa uganga unaotumia vifaa vichache namna hiyo na kudai uangalifu mwingi namna hiyo. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, pumzi zake ni za haraka. Akiwa anakohoa na pumzi ni za haraka, hutibiwa kama mwenye nimonia, yaani kichomi.

Namba hizo ni rahisi kukariri na ngumu kuzipata sawasawa. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Anaharakisha, anasita, anavuta tena. Anayehesabu kwa nusu dakika na kuzidisha kwa mbili anaweza kukosea kwa pumzi kadhaa, na pumzi chache zinatosha kumpa mtoto dawa asiyoihitaji au kumnyima anayoihitaji. Mtoto akilia, hesabu imeharibika. Akinyonya, imeharibika. Wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, anahesabiwa mara ya pili kabla ya uamuzi wowote. Huko vijijini, wajitolea wa afya wanaotibu watoto mahali pasipo na kituo hutumia kisaa kidogo kinacholia dakika ikitimia, ili macho yasihangaike kati ya saa na tumbo.

Ustadi huu una mwanzo unaojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, daktari wa watoto Frank Shann na wenzake walitaka kujua muuguzi asiye na eksirei wala maabara atawezaje kutenganisha kikohozi cha kawaida na nimonia. Walipima dalili moja baada ya nyingine, wakakuta kwamba wingi wa pumzi, ukiunganishwa na kubonyea kwa kifua, unatosha kuamua nani apewe dawa na nani apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani lililichukua wazo hilo, na leo limo katika mwongozo wa PCIME, wa matibabu jumuishi ya magonjwa ya watoto, ule ambao wauguzi wa Kongo huusoma kwenye michoro ya hatua kwa hatua wanayoiita ordinogramu.

Baada ya hesabu, macho hushuka chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mapafu yakiwa magumu kwa ugonjwa, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani kila anapovuta. Jicho geni halilioni jambo hilo; aliyetazama vifua vingi hulikuta mama akiwa bado anaeleza kikohozi kilianza lini. Maswali nayo hayaulizwi ovyo. Ameacha kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Analala usingizi ambao haamki vizuri? Jibu moja la ndiyo linabadilisha mambo yote: mtoto anapewa dozi ya kwanza ya antibiotiki palepale, kisha anapelekwa hospitali, Mwangeji kwa walio wengi mjini, akapate oksijeni na sindano za ampisilini na jentamisini.

Sikio huja mwisho. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akausikia moyo wa mgonjwa vizuri kuliko kwa sikio tupu, na kutoka hapo akaunda kifaa cha kusikilizia pamoja na majina ya sauti za kifua. Sauti ya pafu lenye nimonia aliifananisha na chumvi inayopasukapasuka kwenye kikaango cha moto, na sijapata mfano ulio sahihi kuliko huo. Muuguzi akiisikia chumvi hiyo upande mmoja chini ya bega, anakaza uamuzi wake. Akisikia mlio mwembamba wa filimbi, anasimamisha uamuzi. Anamvutisha mtoto salbutamoli, anangoja robo saa, anahesabu upya. Anaweza kurudia hivyo hadi mara tatu. Pumzi zikishuka na kifua kikaacha kubonyea, tatizo lilikuwa njia za hewa zilizobana, na antibiotiki haina kazi hapo. Ni wangapi kati yetu wenye subira ya kuhesabu mara tatu wakati foleni imefika mlangoni?

Kolwezi huifanya kazi hii kuwa ngumu zaidi. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli, na familia nyingi hujifungia ndani na mbabula wa makala. Moshi wa jikoni unahusishwa na nimonia kwa watoto. Vumbi la barabara halipati mvua ya kulilaza mpaka kiangazi kiishe. Wanaoteremka mashimoni, Kasulo na kwingineko, huvuta vumbi la mawe lenye silika, ambalo hudhoofisha kinga ya mapafu na kukikaribisha kifua kikuu. Juu ya hayo kuna malaria. Homa na pumzi za haraka zinaweza kutoka kwa malaria, kwa nimonia, au kwa vyote viwili katika mtoto mmoja, hivyo kipimo cha damu kikionyesha malaria, muuguzi hodari hafungi daftari. Anaitibu malaria, na pumzi alizozihesabu anazitibu pia.

Nimonia katika migodi ina historia ndefu na chungu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na katika miongo yake ya kwanza vijana walioletwa kambini kutoka mbali, wakiwemo wa Ruanda-Urundi katika miaka ya 1920, walikufa kwa wingi kwa magonjwa, nimonia ikiwa miongoni mwa yaliyoua zaidi. Kusini zaidi, kwenye dhahabu ya Witwatersrand, vifo vya aina hiyo vilikuwa vingi hata mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kuajiri watu wa nchi za joto za kaskazini. Huko huko, mwaka 1911, daktari Almroth Wright alianza kujaribu chanjo dhidi ya nimokoka, bakteria mkuu wa nimonia, na miaka ya 1970 daktari Robert Austrian alifanya majaribio mengine kwa wachimbaji wa dhahabu, yaliyofungua njia ya chanjo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977. Kongo ilianza kuwachanja watoto wake dhidi ya nimokoka mwaka 2011, kwa wiki 6, 10 na 14 za umri. Vifua vya wachimbaji wa Kiafrika viliifundisha dunia kuchanja dhidi ya nimokoka. Watoto wa migodini walingoja chanjo inayowafaa kwa miongo zaidi ya mitatu.

Turudi kwenye meza ya muuguzi. Hesabu imetoka, pumzi ni 48, mtoto ana miaka 2 na kilo 12, hana dalili ya hatari. Sasa dawa. Mama mara nyingi amekuja na jina la dawa tayari: sindano ya seftriaksoni, kwa sababu mtoto wa jirani alichomwa akapona. Muuguzi anachagua amoksisilini, dawa iliyoko madukani tangu miaka ya 1970, kwa kidonge cha miligramu 250 kinachoyeyuka kwenye maji safi kidogo au kwenye maziwa ya mama. Vidonge 2 asubuhi, 2 jioni. Mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 angepata kidonge 1 kila mara; wa kilo 14 hadi 19 angepata 3. Ndiyo maana mizani ina heshima ileile ya saa, na muuguzi anayekisia uzito kwa kumtazama mtoto amepoteza nusu ya kazi aliyoifanya.

Kwa nini dozi kubwa ya dawa ya zamani, na siyo dawa mpya? Jibu limo ndani ya bakteria mwenyewe. Nimokoka hawezi kuivunja penisilini. Anachofanya ni kubadilisha, kidogo kidogo, protini anazojengea ukuta wake, hata dawa ikazishika kwa shida. Shida hiyo ina kiwango. Amoksisilini ikiongezwa, ikakaa mwilini kwa wingi unaotosha saa nyingi za siku, nimokoka wengi walioanza ukaidi bado hufa. Dozi ndogo huwaua dhaifu na kuwaacha wakaidi wazaane. Miligramu 1,000 kwa siku kwa mtoto wa kilo 12, zaidi ya 80 kwa kila kilo, zimepangwa kwa kuifuata tabia hiyo ya bakteria. Aliyeipanga dozi hii alimjua adui yake kwa undani, na muuguzi anayeipima bila kupunguza anaendeleza ujuzi uleule.

Kwa sababu hiyohiyo, anayejua kazi hakimbilii amoksisilini iliyochanganywa na asidi klavulaniki, ingawa boksi lake ni la bei na mgonjwa huliona la heshima. Asidi hiyo huzuia kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitumia kuivunja dawa. Nimokoka hana kimeng'enya hicho. Dhidi yake, mgonjwa amelipia zaidi na kuongezewa kuharisha tu. Mchanganyiko huo una mahali pake, pale panapohofiwa bakteria wengine kama hemofilasi, na muuguzi anauweka akiba kwa ajili ya hapo.

Kila dawa nyingine kwenye rafu ina habari zake, na ni raha kumsikiliza mtu anayezifahamu zote. Kotrimoksazoli ilikuwa tegemeo la vituo vya afya kwa nimonia ya watoto katika miaka ya 1990. Nimokoka wengi wa Afrika sasa hawaisikii. Azitromisini hupendwa kwa kuwa humezwa siku chache, lakini hubaki mwilini kwa kiasi kidogo siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, na bakteria wanaoishi kooni hujizoeza kwa kiasi hicho. Muuguzi huitunza kwa kifaduro na kwa magonjwa mengine machache. Siprofloksasini ni dhaifu kwa nimokoka, hata kama muuzaji wa dukani anaisifu kwa kila kifua.

Levofloksasini ina nguvu ya kweli, na hapo ndipo hatari yake kwa mji wa wachimbaji. Dawa hiyo hukipiga kifua kikuu bila kukimaliza. Mchimbaji aliyekohoa wiki 2 na zaidi, anayetoka jasho usiku na kukonda, akiimeza atapata nafuu ya siku chache, makohozi yake yanaweza kupimwa yakaonekana safi, na ugonjwa utaendelea kumla na kuwaambukiza wenzake huku ukizoea dawa inayotegemewa kwa kifua kikuu sugu. Kwa mtu kama huyo, kikopo cha makohozi hutangulia kidonge. Mchimbaji mwingine akiwa mgonjwa wa siku 3 au 4, mwenye homa na kichomi cha ghafla, hesabu ya pumzi haijafika 30 na akili imetulia, amoksisilini gramu 1 mara 3 kwa siku kwa siku 5 inamtosha.

Vituo vya kawaida havina maabara ya kuotesha bakteria, na hata vingekuwa nayo, nimonia haitoi sampuli yake kwa urahisi, na majibu hungojwa siku kadhaa. Kwa hiyo chaguo hufanywa kwa kujua ni bakteria gani wanaowezekana, katika mgonjwa wa umri huu, mahali hapa, msimu huu. Ubashiri huo unahitaji kumbukumbu kubwa, na unahitaji unyenyekevu wa kumwona mgonjwa tena siku ya pili au ya tatu. Mwongozo unadai marudio hayo. Pumzi zikiwa zimeshuka na mtoto anakula, dawa inaendelea. Zikiwa zilezile au zimepanda, uamuzi unafanywa upya.

Urefu wa tiba nao umechunguzwa, tena karibu na kwetu. Huko Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata watoto wasio na VVU waliokuwa na nimonia ya kubonyea kifua, ukakuta kwamba siku 3 za amoksisilini ziliwafaa kama siku 5. Zamani tuliambiwa kwamba siku nyingi ndiyo usalama. Kumbe kila siku ya ziada ni siku ya kuwazoeza bakteria wengine, wasio na hatia, wanaoishi tumboni na kooni. Muuguzi hufuata mwongozo wa nchi yake katika hesabu ya siku, na mgonjwa hufuata hesabu aliyoandikiwa.

Hata hivyo, ninachokistahi kuliko vyote ni pale asipoandika dawa. Pumzi ni 34, kifua kimetulia, pua inavuja. Mama ametoka mbali na amelipa nauli. "Mama, hapa antibiotike haina kazi. Mutoto iko na mafua. Umupe mayi mingi, anyonye, na kesho kutwa umurudishe nimuone." Maneno hayo yanachukua muda mrefu kuliko kuandika karatasi ya dawa, na yanaweza kumgharimu muuguzi jina lake mtaani, maana kuna watakaosema kituo kile hakitibu.

Koo nalo lina hekima yake. Koo nyingi zinazouma ni za virusi. Lakini mtoto mwenye homa, asiyekohoa, mwenye usaha kwenye tonsili na tezi za shingo zinazouma, huenda ana bakteria aitwaye streptokoka, na mtoto huyo akiachwa anaweza kuishia na moyo ulioharibika. Dawa yake ni penisilini, sindano moja ya benzathini ikitosha. Tangu penisilini iingie hospitalini, zaidi ya miaka 80 sasa, haijapatikana streptokoka wa koo aliye sugu kwayo. Kumpa huyu azitromisini au seftriaksoni ni kuacha silaha isiyowahi kumkosa.

Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, aliliona mapema tatizo la bakteria kuzoea dawa. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alisimulia kisa cha mtu wa kubuni aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini kidogo isiyotosha kuwaua bakteria, akawazoeza, akamwambukiza mkewe nimonia, na mkewe akafa kwa sababu dawa haikumfaa tena. Mwaka 1967 nimokoka anayeikaidi penisilini aliripotiwa Australia, na muda mfupi baadaye katika Papua New Guinea. Mwaka 1977 Afrika Kusini iliwakuta nimokoka waliokaidi dawa nyingi kwa pamoja. Kwa mwaka 2019, watafiti walikadiria kuwa bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na magonjwa ya mapafu ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Kisa cha Fleming hujirudia kwenye maduka ya dawa ya Kolwezi, na sababu yake si ujinga wa watu. Familia za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, zilikuwa na hospitali ya kampuni. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na kampuni ikadidimia, na baadaye wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa miaka ya 2003 na 2004, wengi walibaki na duka la dawa lililo karibu. Mwenye pesa ya vidonge vinne hununua vinne. Muuzaji anakata karatasi ya dawa kwa mkasi, na dozi ya kuzoeza bakteria imekamilika. Shirika la Afya Duniani limezipanga antibiotiki tangu 2017 katika makundi matatu, za kutumiwa kwanza, za kuangaliwa, na za akiba, na mwaka 2024 mataifa yaliahidi huko New York kwamba angalau asilimia 70 ya antibiotiki zitakazotumika kwa watu duniani zitoke kundi la kwanza. Muuguzi wetu mwenye amoksisilini yake ameshaitimiza ahadi hiyo mezani pake, bila mkutano.

Msomaji wa Lualaba, ukimpeleka mtoto anayekohoa, mfungue nguo kabla zamu yako haijafika na mtulize. Pumzi zisipohesabiwa, omba zihesabiwe, kwa dakika nzima. Uliza uzito ulioandikwa. Usidai sindano. Ukipewa amoksisilini, mpe yote kama ulivyoelezwa. Ukiambiwa haihitajiki, mrudishe siku uliyoagizwa, au upesi akiacha kunyonya au pumzi zikiongezeka. Na ninyi mnaogawa mapato ya shaba na kobalti, kila kituo cha Dilala, Manika, Fungurume na vijiji vya mbali kipate saa, mizani, kipima oksijeni na vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250, kabla baridi ya Juni haijaingia.